Kichwa cha Babu na Ahadi ya Baba

Nyuma ya duka langu la pembejeo hapa Same kuna mama anayekamua juisi ya miwa kwa mashine. Anatia tangawizi na limao, na wasafiri wanaoshuka kwenye mabasi wanaisifu. Makapi anayatupa kwenye pipa. Jua la huku chini halina huruma, kwa hiyo ikifika alasiri yanaanza kuchacha, na harufu inaingia dukani kupitia dirisha la nyuma. Wateja wangu hukunja pua. Mimi huacha kile ninachofanya, hata kama nilikuwa napima mbegu, nikasimama kidogo. Hiyo ndiyo harufu ya dengelua changa, pombe ya miwa ya kwetu milimani, na kwangu ni harufu ya asubuhi niliyomwona baba yangu akiosha kichwa cha mtu.

Nyumbani kwetu kulikuwa juu, Upare wa kusini, mahali ambapo ukisimama ukingoni mwa shamba unaona mashamba ya mpunga ya Ndungu na Kihurio yamelala chini kama mikeka ya kijani. Baba alikuwa mkulima na mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa utaratibu kuliko watu wote niliowahi kuwafahamu, na kila nilicho nacho cha utaratibu nimekirithi kwake. Jembe lilikuwa na msumari wake ukutani, panga lilikuwa na msumari wake. Sala ya asubuhi ilikuwa kabla ya uji, si baada yake, na uji ukipoa ulipoa. Ukimrudishia kitu akakikuta si mahali pake, hakukugombeza. Alikichukua, akakipeleka mwenyewe huku unamwangalia, nawe ukaona aibu kuliko kama ungechapwa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wa mwisho, mtoto mdogo wa mwili, mwenye kikohozi kisichokatika. Sisi wakubwa tulilala tukisikia udongo ukimeguka huko juu, mlio kama wa gunia linaloburutwa. Asubuhi moja mvua ilipopumua nilitoka kwenda chooni, na nyuma ya nyumba ya bibi, mama yake baba, nikasikia ile harufu ya miwa iliyochacha. Nikachungulia. Baba alikuwa amechuchumaa, mikono ya shati ameikunja mpaka juu ya viwiko, na mbele yake kulikuwa na beseni la kuogeshea mtoto. Ndani ya beseni kulikuwa na fuvu. Alikuwa akilimwagia maji kwa kiganja, akitoa tope kwenye matundu ya macho kwa kidole kimoja, polepole, jinsi mama alivyomsafisha mtoto masikio. Bibi alisimama pembeni ameshika kibuyu. Hawakuniona. Nilirudi ndani bila kwenda chooni.

Sasa, ili msomaji anielewe, lazima nimweleze Nakunda, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Nakunda alikuwa mtaalamu wa mumiani. Alijua mumiani anatembea na gari gani, anawanywesha watu dawa gani, damu anaiuza wapi. Alitueleza kwamba mumiani hawezi kuwa mtu wa ovyoovyo. "Mumiani ni mtu safi," alisema. "Mpole. Anayesalimiwa na watu. Ndiyo maana hamumjui." Na vichwa, alisema, huviosha ili visinuke.

Baba yangu alikuwa msafi, mpole, na anayesalimiwa na watu.

Sikumwambia mtu. Nilianza kulala upande wa ukutani, dada yangu akiwa kati yangu na mlango. Baba akinipa kipande cha muhogo, nilingoja wengine waanze kula. Kisha Jumapili moja, baada ya matangazo ya kawaida, mwinjilisti wa mtaa wetu alisimama akasema kwa sauti ya chini kwamba ndugu yetu, akamtaja baba kwa jina lake kamili la ubatizo, kwa kosa linalojulikana na wazee, ametengwa na Meza ya Bwana hadi atakapotubu. Baba aliinuka kutoka kwenye benchi la wazee lililokuwa ubavuni mwa madhabahu. Alikunja vizuri kitambaa alichokuwa akikalia, akakiacha pale pale, akatembea kati ya wanaume na wanawake mpaka benchi la nyuma, mlangoni, walipokaa wasichana waliozaa nyumbani na mzee mmoja aliyeoa mke wa pili. Viatu vyake vilikuwa na misumari, na sakafu ilikuwa ya saruji. Nasikia ile miguu mpaka leo.

Nilijua kwa nini ametengwa. Kanisa lilikuwa limegundua, ila lilikuwa na heshima tu, halikutaka kutamka neno mumiani mbele ya watoto.

Shuleni hawakuwa na heshima hiyo. "Baba yenu kahama benchi," waliniambia. "Siku hizi anakaa na walevi." Mmoja akauliza kama tutahamia dini nyingine. Nakunda alinitazama kwa makini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ilikuwa siku ya zamu yetu ya maji ndipo mambo yalipopasuka. Kwetu maji ya mlimani hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na wazee wa zamani, kisha hufunguliwa kwa zamu, shamba moja baada ya jingine. Mvua ilikuwa imeacha kwa siku chache, mfereji ulikuwa umejaa mchanga, na baba alitaka mtu wa kumsaidia kuuzibua kabla zamu haijapita. Akaniambia, "Chukua jembe dogo, twende."

Nikashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Siendi!"

"Huendi?" Kwetu mtoto hakusema hivyo. Baba hata hakukasirika, alishangaa. "Unaumwa?"

"Siendi na wewe! Utanichinja!"

Bibi alikuwa ukumbini akichambua maharage ya makande. Aliacha ungo. "Anasema nini huyu?"

Yote yakatoka kwa kilio: beseni, kichwa, mumiani, damu, benchi la nyuma. Mama alitoka jikoni na mtoto mgongoni akasimama mdomo wazi. Bibi alianza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mumiani! Huyu? Mjukuu wangu, baba yako hata kuku anachinjiwa na jirani. Damu ikimdondokea kidoleni anakaa chini."

Baba hakucheka. Alisema neno moja tu, "Kumbe." Akachukua majembe yote mawili, lake na lile dogo, akaenda kufungua maji peke yake.

Bibi akanikalisha, akanieleza. Kile kilikuwa kichwa cha babu yangu, mume wake, aliyekufa baba akiwa bado mchungaji wa mbuzi. Zamani, mzee wa ukoo akishazikwa na miaka ikapita, ndugu zake walikitoa kichwa kaburini, wakakiweka kwenye chungu, wakakipeleka chini ya mwamba ulio juu ya ndiva, pamoja na vichwa vya baba zake, kwa mfuatano wa kuzaliwa. Hakukuwa na kichwa kilichorukwa. Mvua ile ilikuwa imemomonyoa ukingo wa mwamba, chungu cha babu kikavunjika, kichwa kikabingirika mpaka kwenye mfereji. Baba alikikuta asubuhi akienda kukagua maji.

"Ungetaka akiache pale?" bibi aliniuliza. "Maji yapite juu ya uso wa baba yake, yaende kumwagilia maharage?"

Nikauliza kwa nini basi kanisa limemtenga.

"Kwa sababu ya kibuyu," alisema. "Kichwa hakirudishwi mikono mitupu kama mtu anayerudisha sufuria. Nilimpa dengelua kidogo, akaimwaga pale, akamwambia baba yake samahani kwa usumbufu. Jirani yetu mwema aliyekuwa akitafuta mbuzi akaona. Basi." Akaendelea kuchambua maharage. "Hicho kichwa kilipokuwa na macho kilikuwa kinamwamsha baba yako kabla ya jogoo. Leo nasikia kimekuwa shetani."

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba nilifarijika. Nilifarijika, kwa muda wa mlo mmoja. Kisha nikaanza kupanga, kama nilivyofundishwa kupanga kila kitu. Katika shule ya Jumapili tulikuwa tumeimba kuhusu mababu zetu waliokaa gizani mpaka nuru ilipopanda milima. Mumiani alikuwa mtu wa kutisha, ndiyo, lakini alikuwa na gari. Mtu wa mizimu alikuwa mtu wa giza tu, mshamba, aliyebaki nyuma wakati wenzake wote wamevuka. Baba yangu, aliyetufundisha kukata kucha kila Jumamosi, alikuwa upande ule. Nilikuwa nimeacha kumwogopa, nikaanza kumwonea haya.

Na sasa kulikuwa na suala la mtoto. Kwa taratibu za usharika wetu, mtoto wa mtu aliyetengwa hakubatizwa mpaka mzazi arudi kundini. Mchungaji alihudumia mitaa mingi, alifika kwetu mara chache, na safari yake iliyofuata ilikuwa imekaribia. Mdogo wetu alikohoa mchana na usiku. Mwinjilisti alikuja akamwambia mama kwamba mtoto akizidiwa kabisa, anaweza kubatizwa kwa dharura, nyumbani, kwa maji ya kikombe.

"Kama mnavyozima moto?" mama alimjibu. "Asante, mwinjilisti. Karibu uji."

Alipoondoka, mama alimgeukia baba. Nilikuwa napepeta mahindi nje ya jiko, nilisikia kila neno.

"Wenzake wote wamebatizwa mbele ya watu. Huyu nimfiche kwa kosa gani? Kwa kukohoa?"

"Sijakataa abatizwe," baba alisema.

"Basi simama ukatubu. Watu wanatubu uzinzi, wewe unashindwa kutubu kibuyu?"

"Nilirudisha kitu mahali pake. Nitatubu nini hapo?"

"Na pombe?"

"Pombe ilikuwa ya mama."

"Kibuyu kilikuwa mkononi mwa nani?"

Baba hakuwa mtu wa kudanganya hata kwa kunyamaza. "Mkononi mwangu," alisema.

"Na beseni lilikuwa la nani?" Hapo sauti ya mama ikapanda. "Beseni la mwanangu!" Beseni lile alilipaka majivu, akalisugua kwa mchanga, akaliosha kwa maji ya moto, na hata hivyo hakulitumia tena. Alilifanya la kulowekea maharage.

Sijui ni nini kilichomfanya baba akubali. Labda kikohozi. Labda macho yangu, kwa maana watoto hawajui kuficha haya, na nilikuwa nikimpokea jembe bila kumtazama usoni. Jumapili ya mchungaji ilipofika alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, na akatoka nyumbani mbele yetu sote. Bibi alikuja pia. Alikuwa Mkristo kama sisi, na aliimba nyimbo zote bila kitabu.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Baba aliitwa mbele akapiga magoti, na mama akasimama nyuma yake na mtoto amevishwa nguo nyeupe tuliyobatiziwa sote. Mchungaji alikuwa mtu mwema, alizungumza bila ukali. Alimuuliza kama anakiri kuwa alimwaga pombe mahali pa mizimu. Baba akasema, "Ndiyo." Alimuuliza kama anajuta. Baba akafikiri. "Najuta kulikwaza kanisa," alisema, na mchungaji akaona hilo linatosha.

"Je, unaahidi mbele ya Mungu na usharika huu kwamba hutakwenda tena mahali pale, wala hutavigusa tena vitu vile?"

Mvua ikaongezeka. Watu walianza kukohoa kwa niaba yake.

"Ndugu?"

"Mchungaji," baba alisema, "mvua hii bado."

Mtu alicheka nyuma. Mchungaji aliinama kidogo, akidhani hakusikia. "Ndugu yangu, hatuzungumzii mvua."

"Mimi naizungumzia. Ukingo ule haujakaa. Kitashuka tena."

Hakuwa akibisha. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na naamini baba alikuwa mtu pekee ndani ya jengo lile aliyelichukulia neno "naahidi" kwa uzito wake wote. Mwingine angeahidi, na siku ya siku ikifika angejua la kufanya. Baba alikuwa tayari anaona siku yenyewe. Alimtazama bibi, aliyekuwa ameketi benchi la pili la wanawake. Bibi alikuwa akiangalia mikono yake mapajani. Mtoto akaanza kukohoa, kile kikohozi kirefu cha mluzi, na mama akawa anampigapiga mgongo huku amekazia macho kisogo cha baba.

"Naahidi," baba alisema.

Akainuliwa, akashikwa mikono na wazee wenzake, akarudishwa kwenye benchi lake. Mtoto akabatizwa. Maji yalipomgusa alinyamaza, watu wakaguna kwa furaha. Tulikula makande na nyama siku ile, na Nakunda alikuja akakaa karibu nami. Mdogo wangu alipona. Sasa ana watoto wake, na ni mtu wa kelele. Baba naye amezikwa hatua chache kutoka kanisani, kaburi la saruji lenye msalaba na tarehe zake zote mbili. Bibi alitangulia. Ningeishia hapa, kila kitu kingekuwa kimekaa mahali pake. Lakini baba alikuwa amesema kweli kuhusu mvua.

Kabla masika hayajaisha, ukingo uliporomoka tena na ndiva ikajaa tope. Pembe ikapigwa, watu wakaitwa msaragambo kuizoa. Kazi hiyo haina udhuru kwetu, kila nyumba hutoa mtu, na siku ile tulitoka hata sisi watoto, kwa sababu shule yetu nayo iliamriwa kubeba udongo. Tulikuwa tumekwisha kupata joto la kazi pale mtu mmoja aliporuka nyuma akaacha chepe limesimama kwenye tope. Kichwa kilikuwa pale, kimelala ubavu, kimejaa udongo mpaka puani.

Kila mtu alijua ni cha nani. Kila mtu akamtazama baba.

Baba alikiangalia. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Mimi nipo upande wa chini," akachukua jembe lake akaenda kuchimba upande wa chini.

Hakuna aliyekigusa. Wote walikuwa watu wa kanisa. Walichimba wakikizunguka, wakikipitia kushoto na kulia, mpaka kikabaki juu ya kichuguu cha tope katikati ya ndiva, kama kitu kilichowekwa kwa makusudi kitazamwe. Wakaanza kutaniana, jinsi watu wanavyofanya wakiwa na woga. "Mwinjilisti, wewe ndiye mwenye mji, kitoe." "Mimi? Mimi kwetu Usambaa." Watu wakacheka. Baba alikuwa akichimba huko chini, hageuki.

Mtu alikwenda kumwita bibi. Alikuja taratibu na fimbo yake, amejifunga kanga mbili. Wanaume wakampisha. Alishuka kwenye tope bila kuvua ndala, tope likazila moja baada ya nyingine, akafika pale akasimama akihema.

"Mwanangu," aliita. "Njoo. Mgongo wangu hauinami."

Baba aliweka jembe chini, akaja. Alisimama mbele ya mama yake, na kichwa kilikuwa kati yao, usawa wa magoti.

"Mama, nimeahidi."

"Najua umeahidi. Nilikuwepo." Hakusema kwa hasira. Aliwaza kidogo, kama anavyowaza mtu mbele ya mzigo. "Basi nishike mkono, niiname mwenyewe."

Baba alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Bibi akainama, nikasikia akiguna kwa maumivu, baba akiegemea nyuma kumzuia asianguke, uso ameugeuzia pembeni. Bibi alikiokota kwa mkono mmoja. Alipofaulu kusimama aliachia mkono wa mwanawe, akakipangusa kwa kiganja, akakitia kwenye kanga ya juu, akaifunga mgongoni kama mbeleko. Akaanza kupanda kuelekea kwenye mwamba, peku, peke yake, maana mahali pale nako baba alikuwa ameahidi kutokwenda. Baba alibaki amesimama mikono ikiwa vilevile, imekunjwa kama bado imeshika kitu.

Wanaume wakaanza kunong'ona, kisha wakakubaliana kwa sauti kwamba hakukigusa, ni kweli, hakukigusa. Mwinjilisti aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Na mimi, niliyekuwa na karai la udongo kichwani, nilisikia furaha ikinipanda mwilini, furaha safi, kubwa kuliko ya siku ya ubatizo. Nilimgeukia Nakunda, na nikasema kwa nguvu ili na wengine wasikie, ili baba pia asikie:

"Umeona? Baba yangu hajakigusa hata kidogo."